Ndege Kumi wa Kilima cha Juu

3 Machi

Dada Karani,

Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika. Najua hupendi barua zinazoanza na maradhi, lakini ukiuondoa mgongo wangu, huku hakuna habari nyingine ya kuanzia. Simu yako haishiki huko kilimani, na nimechoka kumsikiliza yule mwanamke wa ndani ya simu akiniambia hupatikani. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Uvumilie mwandiko, darasa la sita ni darasa la sita.

Jumba la makumbusho linahama. Jengo la zamani linavuja hadi ndani ya makabati. Sisi wabebaji sita kazi yetu ni kushusha droo za ndege kutoka ghorofa ya tatu kwa ngazi, maana lifti ilikufa kabla sijaajiriwa. Droo moja inashikwa na watu wawili. Haiinamishwi, haitikiswi. Ndani ndege wamelala chali safu kwa safu, kila mmoja ana lebo imefungwa mguuni kwa uzi. Harufu ya dawa ya nondo inatufuata mpaka kwenye mkate.

Nyapara anashuka nyuma yetu akipiga kelele, "Taratibu! Hao wamekufa mara moja, msiwaue mara ya pili!" Mwenzangu wa droo tunamwita Tingatinga, kwa ajili ya kifua chake. Anamjibu bila kugeuka, "Bosi, kama wamekufa, mbona wao wanapewa gari lenye kiyoyozi na sisi tunarundikwa kwenye lori?"

Sasa sikiliza. Jumatatu tulikuwa na droo moja ya ndege wadogo, kijani iliyopauka kama jani la juzi, hawana hata alama. Nikawajua palepale. Ni wale shore wa kijani wa nyumbani, wanaokaa vichakani, unawasikia kutwa nzima na huwaoni. Nikainamisha kichwa kusoma lebo. Mkusanyaji: Bwana Pamba.

Nilisimama katikati ya ngazi. Tingatinga hakujua, akanisukumia droo tumboni. "Vipi wewe, umeona mzimu?" Nikamwambia nimemwona baba yangu.

Na mwandiko ni wako, dada. Ile g ya Agosti yenye mkia mrefu kama wa nyani, nani mwingine anayo? Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi sita. Nakumbuka Baba akikuita, "Karani, njoo na kalamu!" na wewe ukija umejaa maringo kama afisa. Ndege ishirini. Kumi lebo zao zinasema Kilima cha Chini, kumi Kilima cha Juu, huko huko ulikokuja kuolewa.

Miaka kumi na moja nimekaa huku sijui mtu. Kumbe Baba na wewe mlitangulia, mko ghorofa ya tatu. Nilitaka ufurahi.

Mdogo wako,
Domokaya


19 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimeletewa na mwalimu. Nimefurahi kusikia u mzima. Kanda mgongo kwa kitambaa cha maji moto, na umwambie huyo nyapara una miaka arobaini na sita.

Usiniite Karani. Mimi ni mkulima na bibi wa wajukuu wanne.

Habari za huku si nzuri. Watu wa mbao wamepanda wiki iliyopita na kopo la rangi nyekundu. Wamechora msalaba kwenye kila mti mkubwa, kuanzia nyuma ya shule mpaka juu kwenye chemchemi. Tuliitwa mkutanoni tukasomewa karatasi. Inasema msitu wa Kilima cha Chini hauguswi, umekwisha kuwekwa alama ya hifadhi. Wa kwetu unaweza kukatwa, kwa sababu wataalamu wameona hakuna kiumbe kilichopo Juu ambacho hakipo Chini. Yaani sisi ni nakala. Shemeji yako akasimama akauliza, "Na sisi tunaokunywa maji ya chemchemi hii, tupo Chini pia?" Watu wakacheka. Yule bwana wa karatasi hakucheka. Akasema maoni yanapokewa mpaka mwisho wa Juni.

Shemeji yako anakusalimu, anauliza kama huko bado wanawapa chai.

Hao ndege waache walale. Ni mambo ya zamani. Shusha droo, weka mahali pake, endelea na nyingine.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Chai tunapewa, sukari ndiyo waliyoikata.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwenye lori na mara ya tatu nimempelekea Mama Mhifadhi. Huyu ndiye mkuu wa ndege wote hawa, mama mwembamba, miwani kwenye kamba, anakula chakula cha mchana amesimama. Usinikasirikie. Wewe ndiye uliyeniita Domokaya, na jina nimelitendea haki. Nilimuuliza, hiyo karatasi ya kina dada yangu imetoka wapi? Akavua miwani. Imetoka kwake.

Alinieleza vizuri, hakunifanya mjinga. Anasema zamani sana, kabla ya babu wa babu, dunia ilikuwa na baridi na msitu ulishuka milimani ukafunika mabonde yote. Shore wa kijani wakati huo walikuwa kabila moja, wanaruka mti hadi mti kutoka Chini mpaka Juu. Baadaye joto likaja. Bonde likakauka likawa nyasi, msitu ukapanda vileleni kama mtu anayekimbia mafuriko. Na huyu ndege hapendi uwazi. Hata barabara pana haivuki. Kwa hiyo wa Juu walibaki Juu na wa Chini walibaki Chini, maelfu ya miaka, kila upande unazaa peke yake, unabadilika peke yake. Nje huwezi kujua, maana wote wamebaki na koti lilelile la kijani. Katika giza la msitu nguo nzuri haina wa kuitazama. Wanapotengana hivyo muda mrefu wanaweza kuwa aina mbili. Ndiyo kazi yake huyu mama, kuamua hawa ni aina moja au mbili, na nani alitoka kwa nani.

Nikamwambia hata mimi nikipiga simu nyumbani watoto wa ndugu zetu wanacheka ninavyosema. Akasema, "Ndivyo inavyoanza."

Basi mwaka jana alikata kipande kidogo cha ngozi ya wayo kwa kila ndege kati ya ishirini, wakakipima vinasaba. Majibu yakaja: wote ni ukoo mmoja, hakuna tofauti hata ya punje. Ndiyo akaandika kwamba Juu hakuna aina yake. Hana ndege wengine wa Juu. Dunia nzima ina hao kumi tu wa Baba, na tangu zamani hakuna mtaalamu aliyepanda tena. Droo ameirudisha juu, chumbani kwake, mpaka muda wa maoni uishe.

Sasa lipo jambo. Wewe umekaa Juu miaka thelathini. Huyo ndege anaimbaje huko?

Na lingine. Kabla droo haijapelekwa kwa Mhifadhi, ndege mmoja wa Juu nilikuta mshono wake umefunguka tumboni. Haturuhusiwi kugusa, lakini niligusa. Ndani si pamba. Ni sufi, ile ya magodoro. Inang'aa, inateleza kidoleni, na ina mbegu nyeusi. Wote kumi nimewachungulia kwenye mshono, wote sufi. Wale wa Chini wote pamba.

Unalikumbuka godoro letu lilivyokonda mwaka ule? Tulikuwa tunalala tunagusa kamba za kitanda. Mama alisema panya.

Domokaya


22 Aprili

Mdogo wangu,

Umeuliza anavyoimba. Wa Chini ni mgomvi, anakatakata maneno haraka haraka, kama watu wawili wanaogombea ndoo. Wa Juu anapiga miluzi minne mirefu, halafu anateremka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi bila taa. Hawafanani hata kidogo. Mtoto wa miaka mitatu huku anaweza kukwambia. Alfajiri ya kwanza nilipoletwa hapa bibi harusi nilimsikia, nikamuuliza shemeji yako ni ndege gani huyo. Akanishangaa, "Si hao wenu wa kijani?"

Na mengine hayo unayouliza. Godoro lilikuwa bovu, panya walikuwepo. Baba alitumia alichopata. Mtu anaweza kubeba sufi kwenye mfuko akapanda nayo mlima. Unakaa huko mbali unapekua matumbo ya ndege, unatafuta nini? Baba yupo chini ya udongo mwaka wa kumi na tisa. Jina lake ndilo kitu pekee alichotuachia ambacho hakina kutu. Nakuomba usilichezee.

Huku wameshakata njia ya gari. Asubuhi maji ya chemchemi yalitoka na tope.

Dada yako


9 Mei

Dada yangu,

Nimeisoma, nimeumia, nimeiweka chini ya mto, halafu nimefanya nilichofanya. Nakwambia mwenyewe ili usisikie kwa mwalimu.

Huwa nalala mapema, mwili ukiwa umekwisha, lakini wiki hii usingizi ulikuwa unanipita kando. Nilikuwa nahesabu. Lebo za wale kumi wa Juu zinasema tarehe 11 Agosti. Baba alitufundisha wenyewe kwamba ndege huchunwa siku ileile, akilala anaoza, manyoya yanatoka. Kwa hiyo tarehe 11 Baba alipaswa kuwa Juu, mwendo wa siku mbili kwa mguu mzima. Lakini mimi nakumbuka mazishi ya Bibi. Nakumbuka Baba amebebwa kwenye kiti na wanaume wanne, mguu umefungwa vipande vya mti umenyooka mbele kama bunduki, na mimi nikaona fahari kwamba baba yangu amebebwa kama mfalme. Nilikuwa mjinga. Na nakumbuka Mama aliandika siku ya kifo cha Bibi kwa mkaa nyuma ya mlango wa chumba chake. Ulikuwa mwezi wa Agosti, tarehe tu ndiyo siikumbuki.

Kwa hiyo nilimwambia Mhifadhi. Nilisema, baba yangu alivunjika mguu, hakupanda, aliwachuna ndege wa nyuma ya nyumba na kuwaita wa Juu. Nilisema baba yangu alidanganya. Nilidhani nitahitaji kiti nikisema hayo. Nilisema nimesimama.

Unajua alichosema? "Kama ni kweli, basi nimepima ndege ishirini wa Chini nikashangaa wanafanana." Akacheka kidogo, halafu akakaa yeye. Lakini anasema hawezi kufuta ripoti kwa maneno ya mbebaji. Sufi peke yake haitoshi, amesema hilo hilo ulilosema wewe, mtu anaweza kupanda nayo. Anataka kitu kilichoandikwa. Aliniuliza kwa upole kama nina uhakika, kwa sababu jina la Bwana Pamba liko kwenye lebo za ndege zaidi ya mia mbili, na akishakuwa mwongo kwa kumi, nani atamwamini kwa mia mbili?

Nyapara naye amenipa barua ya onyo kwa kugusa ndege. Tingatinga amesema niiweke kwenye fremu, ndiyo cheti changu cha kwanza.

Nenda nyumbani kwa Mama, dada. Tazama nyuma ya mlango. Kama Bibi alikufa siku hizo, unakili, mwenyekiti aweke saini, unitumie. Mpaka mwisho wa Juni, umesema mwenyewe. Ni maji yako yanayotoka tope, si yangu.

Sijui kwa nini Baba alifanya vile. Nimechoka kumtetea kichwani. Mtu anaweza kumpenda baba yake na bado akajua.

Domokaya


16 Mei

Mlango huo umeliwa na mchwa. Haupo.

Na mimi sina nguvu ya kushuka huko. Magoti.

Dada yako


28 Mei

Mdogo wangu,

Barua iliyopita iteketeze. Mlango upo. Mchwa hawakuugusa. Nimeshuka juzi na lori la watu wa mbao, fikiria, nimepanda lori la watu wanaokuja kunikausha. Dereva ananiita mama, ananiuliza kama nimekaa vizuri. Nyuma ya mlango imeandikwa, mkaa umefifia lakini unasomeka: Bibi ametutoka 10 Agosti. Tumemzika kesho yake, tarehe 11. Nakala na saini ya mwenyekiti zimo humu.

Lakini sikuandika kwa ajili ya mlango.

Uliposema kwamba ulisimama mbele ya yule mama ukasema Baba alidanganya, niliiweka barua chini, nikaenda kuchota maji, nikarudi bila ndoo. Shemeji yako akauliza, "Umesahau maji?" Nikamwambia nimesahau kitu kingine, na nimekisahau kwa makusudi miaka arobaini. Yeye nilimwambia usiku ule. Sasa nakwambia wewe.

Baba hakudanganya. Ni mimi.

Bwana Darubini, yule mtaalamu wa makumbusho aliyemwajiri Baba, alipoondoka alimwachia kazi ya ndege kumi wa Chini na kumi wa Juu, na pamba, na lebo. Na kwangu aliacha neno moja. Alitazama mwandiko wangu akasema, "Kazi ikienda sawasawa mpaka mwisho, nikirudi nitamchukua huyu nimpeleke shule ya mjini." Alilisema akifunga mkoba. Kwake lilikuwa neno la kuagana. Mimi nililishika kama mtu anavyoshika kamba.

Halafu Baba akaanguka kutoka kwenye mwamba tarehe mbili, na wa Juu walikuwa bado. Ni mimi niliyewatega wale kumi wa pili, kwa wavu, kwenye kichaka nyuma ya jiko. Baba aliwachuna usiku ule tuliporudi kuzika, akiwa amelala ubavu kwenye mkeka. Pamba ilikwisha, nikafumua godoro letu. Samahani kwa kamba za kitanda. Akaniambia, "Sehemu ya mlima usiandike kitu. Acha wazi. Tutamwandikia barua tumweleze." Akasema maneno, mimi nikaandika, akaweka dole gumba. Ilikuwa niiweke ndani ya sanduku juu ya ndege.

Bwana Darubini hakuja mwenyewe. Alituma dereva. Dereva alikuwa anapiga honi nje. Mimi nilikuwa ndani na sanduku, barua mkononi, na nikafikiri: akiisoma hii ataona kazi haikwenda sawasawa. Nikachukua kalamu. Lebo kumi, mara kumi nikaandika Kilima cha Juu. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, ndiyo maana ukautambua. Barua nikaificha ndani ya nguo.

Baba alimngoja Bwana Darubini ajibu. Mwaka mzima. Alikuwa akisema, "Labda amekasirika kwa kuwa sikupanda." Na barua ilikuwa kwangu. Bwana Darubini hakurudi tena, wala shule haikuja. Nilimaliza darasa la saba, nikaolewa. Na wapi? Juu. Kila alfajiri miaka thelathini, kabla sijafungua macho, huyo ndege anapiga miluzi yake minne na kushuka ngazi, ananiambia yeye si wa Chini. Ndiyo maana sitaki kuitwa Karani.

Nilipoona misalaba myekundu nilijua ni mwandiko wangu. Bado nikakwambia uwaache walale. Ningeacha chemchemi ikauke nisisemwe. Hilo nalo ulijue, usinifanye mwema.

Barua ya Baba sikuichoma. Mara tatu niliiweka karibu na moto. Imo humu. Mpe yule mama. Mwambie ni ya kwao, ilichelewa njiani.

Dada yako


14 Agosti

Kwa Bwana Darubini,

Nakusalimu. Ninaandikiwa na binti yangu kwa sababu mimi sijui kuandika.

Ndege ishirini wamo sandukuni. Kumi wana jina la Kilima cha Chini, hao ni sawasawa na ulivyoagiza. Kumi wengine nimeacha wazi sehemu ya mlima. Hao pia ni wa Chini. Juu sikupanda. Nilianguka tarehe mbili, mguu umevunjika, hata mama yangu nimemzika nikiwa kwenye kiti. Hao kumi amewatega binti yangu kwa wavu karibu na nyumba. Mimi nimewachuna tu. Pamba yako imekwisha, ndani yao nimeweka sufi ya godoro, utanisamehe.

Nimewaleta ili usikute sanduku nusu tupu. Lakini usiwahesabu kuwa wa Juu. Wa Juu sijawahi kumshika. Nimemsikia zamani nilipokwenda kutafuta asali, na yeye anaimba vingine kabisa. Nadhani ungependa kulijua hilo.

Mguu ukipona nitapanda. Kama huwezi kungoja tafuta mtu mwingine, mimi sitakuwa na kinyongo.

Binti yangu ana akili kuliko sisi wote hapa nyumbani. Hili ananikatalia kuliandika, nimemlazimisha.

Bwana Pamba
(dole gumba)


21 Juni

Dada Karani,

Nitakuita hivyo, na utanipiga nikirudi.

Bahasha ilifika Jumanne. Niliifungulia chooni, ndiyo chumba pekee hapa chenye komeo. Nilipofika pale aliposema amekulazimisha kuandika, niliketi muda mrefu mpaka Tingatinga akagonga. "Umezama?" Nikamwambia ndiyo.

Nilimpelekea Mama Mhifadhi zote mbili, nakala ya mlango na barua ya Baba. Alisoma amesimama, halafu akavuta kiti akasoma tena. Akatoa daftari kubwa la zamani la kuandikia vitu vinavyoingia, tarehe zikakubaliana. Hakuniuliza swali hata moja. Alisema, "Huyu mtu alinieleza kila kitu nilichokuwa natafuta. Mpaka wimbo."

Nikamwambia basi naomba nirudishe maneno yangu, baba yangu hakudanganya. Akasema hayo Baba ameshayarudisha mwenyewe kwa barua yake. Kuhusu aliyejaza jina la mlima kwenye lebo, nilimtajia umri wako tu. Akasema, "Miaka kumi na mitatu," akafuta miwani.

Ameandika barua ya kufuta ripoti. Nimeisoma, ni fupi: ndege ishirini wote ni wa Chini, na kuhusu ndege wa Juu hatujui lolote. Kibali cha mbao kimesimamishwa mpaka watu wake wapande wenyewe mwezi wa tisa na vyombo vya kunasa sauti. Si ushindi, dada. Kimesimamishwa tu. Misalaba itabaki kwenye miti, njia ya gari itabaki, na huenda wakapima wakakuta ni aina moja inayoimba nyimbo mbili. Amenionya nisikuahidi kitu. Watafikia kwako, nimewapa jina la shemeji. Mimi simo kwenye orodha ya watakaopanda. Niliomba. Wabebaji watachukuliwa huko huko, na mkataba wangu ni wa ngazi za hapa, kuna ghorofa moja na nusu bado. Nimechoka kiasi kwamba hata kukasirika kunanishinda.

Sasa la lebo. Hapa lebo ya zamani haivuliwi hata iwe na kosa gani. Inafungwa nyingine pembeni. Kwa hiyo mkia wako wa nyani upo na utakuwepo. Mhifadhi aliandika lebo mpya kumi za wale wa sufi. Alipofika kwenye mstari wa mkusanyaji akainua kichwa, "Huyu aliyewatega anaitwa nani?" Nikasema nyumbani tunamwita Karani. Akaandika. Hawa kumi sasa mkusanyaji ni Karani, Bwana Pamba ni mchunaji. Aliniruhusu kuzifunga mimi, kwa mikono iliyopewa barua ya onyo. Nilitumia fundo la Baba, lile la kuzungusha mara mbili.

Barua yenyewe itakaa kwenye droo, karibu na ndege, ilipotakiwa kukaa. Lakini hapa kitu chochote kinachoingia lazima kigongwe muhuri kwanza, hata kiwe bahasha ya mbegu. Mhifadhi akatafuta nafasi, mbali na dole gumba, akagonga. Imepokelewa, 18 Juni.

Baba amejibiwa, dada.

Mchana tuliishusha droo, mimi na Tingatinga. Kwenye ngazi ya mwisho nyapara akaanza, "Taratibu hao..." akatutazama, akaacha. Haikuinama.

Mdogo wako,
Domokaya